Ya Kuita na Ya Kukaa

Watu walimwita Bibi Shamba, jina la kazi yake, na mimi nilimwita hivyo hivyo kwa miaka kumi na mmoja, mbele yake na nyuma yake. Jina alilopewa na wazee wake nilikuja kulisoma kwenye karatasi ya uhamisho. Shamba lenyewe hakuwa nalo. Alikuwa na chumba kimoja cha matofali nyuma ya ofisi ya kilimo, nje kidogo ya mji wa Chake, Pemba, dirisha lake limezibwa kwa nailoni. Ndani mlikuwa na rafu nne za mbao, na juu ya rafu chupa za jamu, kila chupa na mmea mdogo uliosimama juu ya kitu kinachotetemeka kama faluda.

Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa.

Siku ya kwanza niliosha moja, akaiinua kwenye taa, akanirudishia bila neno. Nikaosha tena, akanirudishia. Mara saba. Mara ya nane akasema, "Haya," akageuka kuendelea na kazi yake. Nilirudi nyumbani vidole vimekunjamana nikaona nimedharauliwa. Baadaye nilielewa kwamba hiyo "haya" wengine waliokuja kabla yangu hawakuipata, waliondoka kwenye mara ya tatu au ya nne.

Mimi nisingeweza kuondoka. Baba alikwisha kutangulia, na mama alimfuata siku mbili baada ya kumzaa Time, mdogo wetu wa mwisho. Nilikuwa kidato cha kwanza. Tulihama Wingwi, mimi na wadogo zangu Khamis na Asha, na Time nimemfunga kifuani, tukakaa kwenye banda la uani kwa shangazi yetu Chake. Madaftari yangu Asha aliyatumia kurasa zilizobaki. Kwa hiyo hata angenirudishia chupa ile mara hamsini, ningeiosha.

Nataka nieleze kilichokuwa kikifanyika mle ndani, kwa sababu watu walisema mengi. Walisema tunafuga majini kwenye chupa. Walisema Bibi Shamba anatengeneza miti ya Wazungu. Ukweli ni kwamba alikuwa akichukua ncha ya chipukizi, ndogo kuliko punje ya mchele, ya mimea ya dawa iliyokuwa ikiisha porini kwa kuchimbwa sana. Aliiosha kwa dawa ile ya kufulia nguo nyeupe, akaiweka chupani juu ya chakula cha sukari, chumvichumvi na ule unga wa kugandisha unaotokana na mwani. Alikuwa akiniambia kwamba mwani unaondoka kwetu kwa magunia ukiwa unanuka, unarudi kwa kijiko ukiwa hauna harufu na hautujui tena.

Lakini chakula peke yake hakitoshi. Ncha ile hukaa tu, imekodoa macho. Ndipo zinapoingia dawa mbili, unga mweupe kwenye vichupa vya rangi ya kahawia, vinavyolala kwenye friji. Majina yao ya kitabuni ni marefu, naye aliyajua yote, lakini akiwa na mimi hakuyatumia. Moja aliiita ya kuita. Ya pili, ya kukaa.

"Hii inawaita watoto," alinifundisha, ameshika kichupa cha kwanza mbele ya uso wangu. "Ukiitia, chipukizi moja linazaa matatu, matatu yanazaa tisa. Ukizidisha, wanakuja wengi hata hawana pa kusimama, wafupi, laini kama kioo, hawana mizizi. Sasa hii ya pili inawaambia wakae. Inatoa mizizi. Ukiizidisha hii, mmea wote unakuwa mizizi, haupandi juu. Kazi yetu sote humu ni kujua lini uite na lini ukalishe, na kiasi gani. Mengine ni kuosha chupa."

Kiasi chenyewe hakionekani kwa macho. Alinifundisha kusoma mizani na kuandika nukta, na mimi niliyeiacha shule kwenye sehemu na desimali nikawa najua nukta inapokaa vibaya mmea unakufa. Nilipima nikiwa nimezuia pumzi. Yeye alikuwa hazungumzi kabisa mbele ya chupa iliyo wazi, maana pumzi ya mtu imejaa ukungu. Alijifunga kanga mdomoni, akawasha taa ya spiriti, na nilikuwa naona kitambaa kinatikisika kidogo. Alikuwa anapiga bismillahi bila sauti, chupa baada ya chupa. Siku moja nilimuuliza kama Mungu anaisikia hiyo. Akaniambia, "Kama haisikii hiyo, basi na ile ya msikitini kwa kipaza sauti haisikii."

Kuna miezi ile dawa ya kuita iliisha na nyingine haikuletwa. Barua zilikwenda Unguja zikakaa huko. Siku moja akatoka, akarudi na madafu sita kwenye kikapu, mwenyewe, kichwani, mtu mzima wa ofisi. Alikuwa amesoma zamani kwamba maji ya dafu yana ndani yake ile ile ya kuita. Basi tukawa tunayapima kwenye chakula badala ya unga. Lakini lazima liwe dafu la umri wake. Kitale hakifai, maji yake hayajakomaa. Koroma halifai, nyama imeshaanza kuwa ngumu na nguvu yote imekwenda huko. Muuzaji madafu pale njia panda alimchoka. Alikuwa anamgongea dafu moja moja kwa kisu, na akimwona anakuja anawaambia wenzake, "Anakuja mke wangu mkali, ficheni madafu." Naye husikia, hucheka, halafu huyarudisha manne kati ya sita.

Kucheka kwenyewe kulikuwa nje ya chumba tu. Mtu huyu aliyepima sukari ya mimea kwa gramu alikuwa akitia vijiko vitano kwenye chai yake, bila kuhesabu, akizungumza. Nilimwambia. Akasema chupa haijui kusamehe, ila tumbo lake linamjua. Na mtu huyu aliyekata viini vya mimea kwa wembe bila mkono kutikisika alikuwa akiogopa jongoo. Akimwona jongoo kwenye kizingiti anasimama nje na kuniita kwa sauti ya kitoto. Mume wake aliitwa na ndugu zake Maskati, akaenda kwa miezi sita, na hiyo miezi sita haikuisha. Walimwita na yeye. Ninachojua ni kwamba pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye droo ya mizani, chini ya karatasi za kuchujia, na siku moja aliitumia kuegemeza mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya lebo. Kila chupa ina kipande cha utepe wa karatasi, na juu yake jina la mmea, tarehe na kipimo. Chupa isiyo na jina haina mwenyewe, alisema, na isiyo na mwenyewe inakwenda kwenye presha. Presha ilikuwa lile sufuria kubwa la kufunga kwa nati, tulilochemshia kila kitu. Nilimwona akitupa safu nzima ya michipuko iliyokuwa kijani na mizima kwa sababu tarehe ilifutika kwa maji. Kosa la kufutika lilikuwa lake mwenyewe. Aliitupa, akakaa kwenye kiti, akanywa chai yake ile ya sukari.

Sasa nifike kwenye dawa niliyotaka kuizungumzia.

Ni mmea mdogo wa msituni, wa upande wa kaskazini, ambao mizizi yake wazee wetu huwachemshia wanawake waliojifungua. Nilipokuwa mtoto niliuona kila mahali kwenye kivuli. Kisha wakaja wanunuzi wa magunia, na vijana wakachimba. Mwaka alipokufa mama ulikuwa umebaki kwa mganga mmoja tu wa Wingwi, mzee aliyeupanda uani mwake, nyuma ya choo, penye unyevu. Mama yangu aliupata, aliunywa, na alikufa. Nasema hivyo ili mtu asidhani nauza kitu. Bibi Shamba pia hakuuza. "Mie sisemi inaponya," alikuwa akisema. "Nasema isipotee kabla hatujajua kama inaponya."

Aliutaka mmea huo kwa miaka miwili asiupate, na sababu ilikuwa vyama. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, ambayo kwetu Pemba mtu aliacha duka la jirani akatembea nusu saa kununua chumvi kwa mtu wa chama chake. Watu walisusiana harusi, wakaja kususiana hata maziko. Mganga alikuwa upande mmoja, kwa moyo wote. Bibi Shamba alikuwa mtumishi wa serikali, basi kwa mganga alikuwa wa upande wa pili. Kwa wakubwa wake alikuwa Mpemba, basi kwao pia alikuwa wa upande wa pili. Alipokwenda Wingwi na gari ya ofisi, mganga alitoka mpaka mlangoni akaitazama namba ya gari, akarudi ndani akafunga.

Nilikwenda mimi, kwa miguu kutoka kituo cha gari, na Time mgongoni.

Mzee alinijua. Alinipokea kwa heshima, akauliza hali za wadogo zangu mmoja mmoja, akampa Time kipande cha muhogo. Nilipomwambia nilichofuata alicheka.

"Bibi yako huyo kashindwa na mlango, sasa kaleta yatima."

"Sikutumwa, mzee. Nimekuja mwenyewe."

"Mbaya zaidi hiyo." Kisha akauliza, "Watauweka kwenye chupa?"

"Ndiyo."

"Kwenye chupa unakula nini?"

Nikamweleza sukari, unga wa mwani, maji ya dafu. Pale kwenye dafu alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la maana. Akainuka, akaenda nyuma ya choo, akausalimu mmea kama inavyotakiwa, akachimba miche miwili, ya upande wa mashariki na wa magharibi, akaifunga kwenye jani la mgomba. Halafu akanipa sharti, na sharti hilo mtu yeyote wa kwetu analijua, si la kwake yeye peke yake. Dawa hii ukishaichimba hai, hulitaji jina lake mpaka ikae ardhini. Ukiitaja njiani, inakufa. Ndiyo maana watu waliokuwa wakiihamisha walikuwa wakitembea kimya, na wakiulizwa wamebeba nini husema "ile", dawa ile, basi.

"Nambie utanyamaza," alisema.

"N'tanyamaza."

"Mpaka ikae."

"Mpaka ikae, mzee."

Kwa watu wote kabla yangu kunyamaza huko kulikuwa kwa safari moja, kutoka msituni hadi uani, saa moja au mbili. Hakuna aliyewahi kuubeba mmea ule ukakaa safarini miaka.

Bibi Shamba aliipokea ile miche kwa mikono miwili. Alikata ncha kumi na nne siku ile ile, tukaziweka chupani, na nikachukua utepe niandike lebo. Nikaandika tarehe na kipimo. Mahali pa jina nikaandika Ile.

Akaisoma. "Ile nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza amesimama, mikono kiunoni. Nilidhani atanicheka au atanifukuza, na kwa yote mawili nilikuwa nimejitayarisha.

"Haijakaa ardhini," nikasema.

"Itakaa lini, unajua? Mwaka. Miaka miwili. Utanyamaza miaka miwili?"

"Ndiyo."

"Na kama nikiandika mie? Mie sikumwahidi mtu."

"Ukiandika wewe, itakuwa ni mimi nimelitaja."

Alinitazama sana. Kisha akachukua kalamu, akafuata ile herufi ya kwanza niliyoiandika vibaya, akaikoleza. Mtu aliyetupa safu nzima kwa tarehe iliyofutika, akazipanga chupa zisizo na jina kwenye rafu ya juu, ya mkono wa kulia, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote.

Ile ilikuwa ngumu. Mwaka wa kwanza tulizidisha ya kuita, ikaja mingi, vichaka vidogo vya kijani vilivyobanana, na hata mmoja hautoi mzizi. Tulikuwa na chupa mia mbili za mimea isiyo na miguu. Bibi Shamba alipunguza, akaongeza ya kukaa, ikageuka manjano. Akaondoa zote mbili, akaiacha wiki tatu na chakula kitupu. Kila asubuhi aliinua chupa moja kwenye taa, kama siku ile ya chupa yangu, akairudisha. Asubuhi moja hakuirudisha. Alinisogezea. Chini, ndani ya faluda, palikuwa na uzi mweupe, mfupi kama ukucha.

"Umekubali kukaa," alisema, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akiizungumzisha chupa, bila kanga mdomoni, maana ilikuwa imefungwa.

Siku hizo ndipo alipokuwa akinisumbua nirudi shule. Kulikuwa na masomo ya jioni. Alizungumza na mwalimu, akanunua daftari, akaliweka juu ya sinki ninapooshea. Nikamwambia Khamis ndiye asome, mimi nina Time. Khamis alisoma, akamaliza, akaitwa na rafiki Mombasa, kisha mbali zaidi. Asha aliolewa Unguja. Bibi Shamba aliniambia siku moja, tukiwa tunapanga chupa, "Wenzio walipata ya kuita. Wewe ulipewa ya kukaa tupu." Alisema kwa utani. Lakini jioni yake alikuja bandani kwetu na samaki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye mkeka, akamsomesha Time herufi mpaka mtoto akalala. Hakuomba radhi.

Mmea wa chupani haujui upepo. Ukiutoa ghafla unanyauka kabla ya adhuhuri. Unaupanda kwenye mchanga, unaufunika kwa nailoni, na kila siku unaifungua nailoni kidogo zaidi ya jana, kidole, vidole viwili, mpaka uizoee dunia. Tulitoa arobaini iliyo na mizizi, tukaipanda kwenye kitalu nyuma ya ofisi. Nilikuwa nimeshapanga moyoni. Siku nailoni itakapoondoka kabisa na mmea mmoja ukatoa jani jipya, hiyo ndiyo siku umekaa, na nitalitaja jina pale pale, kwa sauti, na kwenda Wingwi kumwambia mzee.

Ilikuwa wiki ya pili ya nailoni. Uchaguzi ulipita na matokeo yake, na mji ukafungika. Askari walikuwa barabarani, ofisi zimefungwa, watu wamejifungia. Siku ya kwanza nilijaribu kutoka, shangazi akakaa mlangoni na Time mapajani akaniambia nimkanyage nipite. Sikutoka siku sita. Siku ya saba nilikwenda nikakuta nailoni imejaa jasho kwa ndani, na chini yake mimea yote arobaini imeoza, imekuwa ute. Bibi Shamba alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amechuchumaa kando ya kitalu, akiing'oa mmoja mmoja na kutazama shina, kama kuna hata mmoja wa kuokoa.

Mwaka huo huo mganga akafa. Wa upande wa pili hawakwenda mazikoni. Bibi Shamba alikwenda. Alisimama na wanawake uani, hakuna aliyemkaribisha mkeka, akasimama mpaka mwisho. Nilimwona akitazama nyuma ya choo. Watoto wa marehemu walikuwa wameshachimba, pamebaki shimo na maji. Kwa hiyo yote iliyokuwa imebaki duniani, kwa tujuavyo, ilikuwa rafu moja ya juu, mkono wa kulia, chupa sitini na tatu zilizoandikwa Ile.

Uhamisho wake ulikuja kabla zile za juu hazijatoa mizizi tena, kwa barua ya mistari minne. Alihitajika Unguja, kwenye ofisi ya takwimu, kwa muda. Aliniambia miezi mitatu. Alifunga mizani kwa kitambaa, akaniachia karatasi ya vipimo, akaniambia nibadilishe chakula cha chupa za juu kila wiki ya nne. Hakuniambia kitu kuhusu jina. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari. Pale njia panda muuza madafu alisimama, akampa dafu moja, akakataa kulipwa, na kwa mara ya kwanza Bibi Shamba hakumwambia aligonge.

Baada ya miezi minne akaletwa mkuu mpya. Sina ubaya wa kumsema. Alikuwa kijana mpole, anasalimia kila mtu, hata mimi ananiita dada. Alipewa amri ya kukitayarisha chumba kwa ajili ya migomba, kazi nzuri pia, watu wanakula. Akapita rafu kwa rafu na daftari. Chupa zenye majina aliziandika, akasema tutaangalia pa kuziweka. Alipofika juu, mkono wa kulia, akasimama.

"Dada, hii Ile ni nini?"

"Dawa."

"Jina lake?"

Nikanyamaza.

Alidhani sikumsikia, akarudia. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Nambie jina tu niandike, zibaki. Zisizo na jina siwezi kuzipokea, sheria ya humu ndani nimeikuta ukutani." Na kweli ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wa Bibi Shamba.

Nimeifikiria saa hiyo mara nyingi. Mganga amekufa, mmea umeisha, mtu mwema ameshika kalamu ananingoja. Neno lenyewe ni la silabi nne. Lakini chupa zilikuwa hapo mbele yangu, hai, na hazijakaa ardhini. Nilikuwa nimeahidi mpaka ikae. Niliamini, na sisemi kwamba sasa siamini, kwamba nikilitoa neno lile kinywani zitakufa zote sitini na tatu mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeahidi mambo mawili tu katika maisha yangu, hilo na la wadogo zangu.

"Subiri Bibi Shamba arudi," nikasema.

"Hatarudi, dada. Hujaambiwa?"

Alisubiri wiki mbili, kwa wema wake. Aliniuliza tena mara tatu. Mara ya mwisho aliniuliza mbele ya watu wa ofisini, wakacheka, mmoja akasema huenda nimesahau. Kisha akaniambia nizisafishe. Kusafisha ilikuwa kazi yangu. Nikazipanga kwenye presha, kumi na mbili kwa kila mkupuo, nikakaza nati, nikawasha moto. Zilipotoka mimea ilikuwa rangi ya chai. Nikaosha chupa. Niliziinua kwenye taa moja moja, zilikuwa safi.

Nilinyamaza ili isife, ikafa kwa kuwa nilinyamaza. Niliendelea kuosha chupa za migomba miaka mitatu, mpaka Time akaingia sekondari, halafu nikaacha.

Nilikaa miaka bila kumwona. Nilisikia amestaafu, nilisikia sukari imempanda, nilisikia yuko Vitongoji kwa dada yake. Sikwenda. Mtu anaweza kuwa karibu na mwenzake, kisiwa chenyewe hiki, na asifike kwa miaka, kwa sababu anajua ataulizwa nini. Aliyenipeleka ni Time, ambaye sasa ni muuguzi na ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda. Alikuja siku moja akaniambia, "Dada, ananiuliza habari zako kila siku. Nishachoka kumdanganya."

Nilimkuta amelala kitanda cha kamba ukumbini, mlango wa uani wazi. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alikuwa amekonda, lakini macho yale yale.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba. Karibu. Umenikuta sipokei wageni kwa kusimama." Akapapasa shuka mahali ambapo mguu haupo. "Mie sasa ni ya kukaa tu."

Dada yake alileta chai bila sukari. Tuliongea habari za Khamis na Asha, za muuza madafu ambaye pia amefariki. Hakuuliza. Nikaona ananipa nafasi niseme mwenyewe, na nikasema. Nilimweleza yote, kijana mpole, daftari, wiki mbili, presha. Nilimwambia kwamba hakuna aliyezichemsha isipokuwa mimi kwa mikono yangu.

Huko uani mtu alikuwa akikuna nazi, tukawa tunaisikiliza mbuzi.

"Ulizichemsha dakika ngapi?" aliuliza.

"Ishirini."

"Sawa," alisema. "Zingebaki na ukungu chini ya hapo."

Ndipo nikalia. Aliniacha nilie, halafu akaanza kusema, akitazama dari. Kwamba jina lile alikuwa akilijua kabla hata sijaleta lile jani la mgomba. Nani kwetu asiyelijua. Bibi yake mwenyewe alikuwa akiuchemsha. Kwamba alipopata barua ya uhamisho aliandika karatasi ya makabidhiano, akaorodhesha chupa zote, na kwenye rafu ya juu akaandika jina kwa ukamilifu, la kwetu na la kitabuni.

"Nikaisoma," alisema. "Nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaweka Ile."

"Kwa nini, Bibi Shamba?"

"Nilidhani miezi mitatu." Akafumba macho. "Na wewe ulikuwa hujalitaja. Nimekuona miaka yote unaandika neno lile kwenye kila chupa, na mwandiko wako unazidi kuwa mzuri. Nilisema, akitokea mtu wa kulitaja, awe yeye. Siku itakapokaa. Sikutaka kukunyang'anya."

Basi tulikuwa wawili tunaolijua, na wawili tulinyamaza, mimi kwa ajili ya dawa, yeye kwa ajili yangu.

Alimwita dada yake, akamwambia alete chupa ya chumvi kutoka jikoni. Ilikuwa chupa ya jamu, ya kwetu, niliijua kwa ukingo wake. Akaimwaga chumvi kwenye sahani, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akaitazama. Sikujua kama atanirudishia. Kisha akachomoa chini ya mto msokoto wa utepe wa karatasi, wa zamani, umegeuka rangi ya njano.

"Litaje," alisema. "Hakuna tena cha kufa."

Nikamwinamia, nikalitaja, karibu na sikio lake kama mtoto mchanga anavyoadhiniwa. Alilirudia, taratibu, silabi zote nne, kuona kama letu ni moja. Lilikuwa moja.

Nikakata utepe, nikaandika jina, na chini yake tarehe ya siku hiyo. Pale pa kipimo kalamu ikasimama. Nikamtazama anambie niandike nini, kama zamani. Alikuwa amelala, au amefumba macho tu, mkono wake umeshika chupa. Nikaubandika utepe juu ya kioo, nikaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukingoni, na pale pa kipimo nikapaacha peupe.